Mjomba hawalipi Warundi wake, na daftari liko kwangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Kirumba hapa Mwanza. Nina stashahada ya uhasibu, na tangu nimalize chuo nafanya kazi kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Ana mitumbwi ya dagaa kwenye kambi moja ya kisiwani, upande wa Ukerewe. Kazi yangu ni daftari: zimepatikana ndoo ngapi, petroli imekwenda lita ngapi, nani kachukua nini kwa mkopo. Dagaa wakishakauka wanaletwa Mwaloni, nawapokea, nauza, fedha namkabidhi yeye.

Zamani mabaharia wake walikuwa vijana wa hukuhuku, Wakerewe, Wajita na Wasukuma wachache. Mgao wao ulikuwa unajulikana. Giza likiisha, mwezi ukianza kuwa mkali na mitumbwi ikapumzika, tunakaa chini tunatoa petroli, chakula, betri za taa na ushuru. Kinachobaki ni nusu kwa nusu, ya tajiri na ya mabaharia. Kukiwa na ubishi wanapiga kelele mpaka kieleweke, na asiyeridhika giza linalofuata anahamia kambi ya jirani. Miaka hii ya karibuni mjomba ameacha kuwachukua hao, anasema wana maneno mengi. Sasa anachukua Warundi. Wanaletwa na mtu wake aliyeko Kibondo, na wengine wanafika hapa hawajui hata kuogelea.

Kwa sasa wako sita, na utaratibu wao ni mwingine kabisa. Kila siku wanapewa sembe na elfu mbili ya posho, mgao wanaambiwa utatoka mwisho wa msimu. Vitambulisho vyao vya kwao, vile wanavyoviita karangamuntu, mjomba amevifungia kwenye droo. Anasema anawatunzia visilowe. Kwenye daftari kila mmoja ana ukurasa wa deni: nauli ya kuletwa shilingi 180,000 (na mimi najua basi la Kibondo halifiki hata nusu ya hiyo), buti, shuka, sabuni, dawa. Tena aliniambia nisiandike majina yao, niandike Mrundi 1, Mrundi 2, hivyo hivyo mpaka 6. Majina nimeyaandika mwenyewe kwa penseli, ndani ya jalada la nyuma.

Mrundi 4 aliungua mkono usiku akimimina petroli kwenye mashine. Alitibiwa zahanati, akakaa hana kazi mpaka jeraha likakauka. Mjomba alilipa, kisha akaniambia niandike kwenye deni lake, pamoja na petroli iliyomwagika. Mrundi 6 anasema ana miaka 18. Shangazi, nina mdogo wangu wa kidato cha pili, na nakwambia yule mtoto hajafika.

Kinachoninyima usingizi hasa ni msimu uliopita. Walikuwepo wengine watano. Wiki ileile ya kulipwa, maofisa wakafika kambini alfajiri wakawachukua wote kwa kukosa vibali. Mjomba siku hiyo alikuwa Mwanza, na nilipompigia hakushtuka hata kidogo. Alisema tu, "Funga hesabu zao." Nikauliza nifunge kivipi. Akasema piga mstari. Kwa hesabu yangu mgao wao wote ulikuwa unazidi milioni tatu. Sina ushahidi kwamba yeye ndiye aliyepiga simu. Ila hawa wa sasa wakimuuliza hela yao anawajibu, "Mkitaka nipige simu, napiga."

Sasa amesikia kuna ukaguzi unakuja visiwani. Amenipa daftari jipya, anataka niandike upya kila kitu tangu msimu uanze. Warundi watoke, niweke vibarua wa kutwa kutoka Kigoma, wote wamelipwa, wote wamesaini. Saini nizitie mimi.

Nimemwambia mama. Amelia, akasema mjomba ndiye aliyetulea baba alipofariki, ndiye aliyelipa ada yangu ya chuo mpaka shilingi ya mwisho, nisije nikamuuza ndugu yake kwa ajili ya watu wasio na hata kibali. "Kwani waliitwa?" anasema. Mtaani nako ukigusia tu unaambiwa Warundi wanamaliza kazi za vijana wetu, waondoke. Nikiripoti, hawa sita watakamatwa na kurudishwa mikono mitupu kama wale watano. Nikinyamaza, mwisho wake ni uleule.

Nifanyeje, Shangazi? Na mimi mwenyewe, ingawa si jambo kubwa kwa sasa, ana mshahara wangu wa tangu Pasaka.

Karani, Kirumba


Marahaba, mwanangu.

Daftari jipya usiliguse. Naanza na hilo kwa sababu lina haraka, na kwa sababu ndilo linaloweza kukufikisha mahakamani wewe kabla ya mjomba. Kutia saini ya mtu mwingine ni kughushi, na karani anayeandika hesabu za uongo kwa nia ya kulaghai anashtakiwa yeye kama yeye. Ukaguzi ukifika, mwandiko utakuwa wako. Mjomba atasema yeye ni mtu wa ziwani, mambo ya vitabu anamwachia binti aliyesoma, na ile ada aliyokulipia itageuka ushahidi juu yako. Mwambie, "Mjomba, hilo siliwezi," kisha unyamaze. Ukianza kumtajia sababu atazijibu moja moja mpaka uishiwe.

Daftari la zamani lipige picha ukurasa kwa ukurasa, na lile jalada la nyuma pia. Picha zikae mahali ambapo mjomba hawezi kufika, maana simu ya kazi siku akiitaka utampa. Halafu yale majina ya penseli yakamilishe: jina lote la mtu, kwao ni mkoa gani na kilima gani (kilima kwao ni kama kijiji kwetu), alifika lini, anadai nini, amebebeshwa deni gani. Mrundi 4 hawezi kutumiwa hela wala kuitwa shahidi. Mtu mwenye jina anaweza, na ndiyo maana uliambiwa usiyaandike.

Sasa swali la mama, "Kwani waliitwa?" Waliitwa. Umeandika mwenyewe kwamba mjomba ana mtu wake Kibondo, na nauli ya kuwaleta imo kwenye daftari kwa mwandiko wako. Huwezi kumtoza mtu nauli ya kumleta halafu ukasema kaja mwenyewe. Na sheria inaliona hivyo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri ndiye aombe kibali cha kazi kwa ajili ya mgeni anayemtaka, na kumwajiri asiye na kibali ni kosa la mwajiri kama lilivyo kosa la mfanyakazi. Kwa hiyo alfajiri ile kwenye kambi yenu kosa lilikuwa na wahusika sita. Watano walipanda gari la maofisa. Wa sita alikuwa Mwanza anakwambia upige mstari.

Wapo watakaokutuliza kwamba Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo vijana wale wako huru kufanya kazi popote. Usiwasikilize. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini kila nchi iliandika yenyewe kazi ilizozifungua, na Tanzania ilifungulia zaidi watu wa taaluma. Baharia wa dagaa hayumo. Hata kibali chenyewe, mjomba akisema leo anakwenda kuomba, hakitapatikana kirahisi, maana mwajiri anatakiwa kwanza aonyeshe kwamba amemtafuta Mtanzania wa kazi hiyo akamkosa. Ukerewe nzima utamkosaje mtu wa kuvuta wavu?

Na hapo ndipo penye kiini. Mtaani wanakwambia Warundi wanamaliza kazi za vijana wetu. Soma tena barua yako. Vijana wetu walikuwepo kwenye mitumbwi ya mjomba, wakiijua kazi na kulijua ziwa. Aliwaondoa kwa sababu "wana maneno mengi", na maneno yenyewe yalikuwa ni kuuliza petroli imekula lita ngapi na nusu yao iko wapi. Alichokifuata Kibondo ni mtu asiyeweza kuuliza. Kama yule Mrundi angeweza kudai mgao wake giza likiisha kama Mjita anavyodai, angemgharimu mjomba sawasawa na Mjita, tena na nauli juu na usumbufu wa kumfundisha. Faida yote iko kwenye woga wake. Kwa hiyo kijana wa Ukerewe anayetaka kazi yake irudi, mtetezi wake mkubwa kuliko wote ni Mrundi aliyelipwa. Najua hilo haliimbiki kwenye mkutano wa hadhara.

Kwenye mikutano tunapenda kumzungumzia mgeni. Operesheni Kimbunga ya 2013, ile ya kuwasaka wageni wasio na vibali, ilipita Kagera, Geita na Kigoma, watu wakaondoka wakiacha mashamba na mifugo, na wengine walikuwa wameishi huku miaka mingi. Mwaka 2025 ikaja amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogo za aina 15, na hiyo angalau ilimpangia adhabu na raia anayemsaidia mgeni kuivunja. Lakini mwajiri, yule aliyetuma nauli, tunamwonea haya. Ana mitumbwi, anachangia harusi zetu, pengine ndiye aliyetoa mabati ya darasa. Tukimtazama tunaona mtu mkubwa wa kijiji, hatuoni mhusika wa kosa.

Marekani wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Tangu 1986 wana sheria inayomwadhibu mwajiri anayemwajiri "kwa kujua" mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi. Hayo maneno mawili yamewaokoa waajiri wengi, maana mwajiri akionyeshwa karatasi inayofanana na halali anasema mimi niliona karatasi, ningejuaje? Agosti 2019 maofisa walivamia viwanda vya kuku Mississippi, wakakamata wafanyakazi 680 siku moja. Mwaka uliofuata walioshtakiwa upande wa wasimamizi walikuwa wanne. Mjomba wako naye anajitengenezea kutojua kwake, na ndiyo kazi ya daftari jipya: "vibarua kutoka Kigoma". Kiha na Kirundi vinakaribiana, nani atabisha? Watakaoumia na ujanja huo ni Waha wa kweli, raia wenzetu, wanaosimamishwa kila siku kwenye vivuko na stendi waonyeshe kitambulisho kwa ajili ya lafudhi yao.

Turudi kambini. Umewauliza wale sita wanataka nini? Barua yako ina sauti ya mjomba, ya mama, ya mtaa na ya kwako. Ya kwao haimo hata moja. Huenda wapo wanaotaka hela yao tu warudi kulima, na yupo ambaye hataki kurudi kabisa. Aliyeungua pengine anataka mkono wake utazamwe kwanza. Ongea nao asubuhi wakitoka majini, mmoja mmoja, maana hata kati yao anaweza kuwepo anayepeleka habari kwa yule mtu wa Kibondo. Usiwaahidi kitu.

Halafu mjomba. Usimwendee peke yako na usimwendee na askari. Nenda na mama, ndiyo, mama huyohuyo anayelia, na mzee mmoja wa ukoo ambaye mjomba anamwonea haya. Vitambulisho virudi mikononi mwa wenyewe, leo, si kesho. Deni lihesabiwe upya: nauli ya kweli iliyolipwa kwenye basi na boti, basi. Dawa za mkono ulioungua zitoke humo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata ujira atakavyo bila idhini ya sheria, mahakama au makubaliano ya maandishi, na gharama ya kuumia kazini ni mzigo wa mwajiri. Ndiyo sababu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao michango yake inatoka kwa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Petroli iliyomwagika ni hasara ya biashara, kama wavu unaochanika.

Na mgao ulipwe giza hili likiisha, mbele ya huyo mzee, kila mmoja aweke dole gumba lake mwenyewe. Usikubali "mwisho wa msimu". Kinachoipa nguvu ile simu ni limbikizo. Mwenye deni la milioni tatu ana sababu ya kupiga simu. Anayelipa kila giza hana cha kuokoa kwa kupiga, zaidi atabaki na mitumbwi isiyo na watu. Hili mjomba ataliona upesi akiwekewa hesabu mezani, na wewe ndiye mwenye hesabu.

Jambo moja ujihadhari nalo: usimwambie "usipolipa nakuripoti". Kudai fedha kwa vitisho nako ni kosa, na mtu mwenye wakili mzuri atakugeuzia. Mweleze sheria ilivyo na hatari anayojiwekea, umwachie aamue.

Hatari hiyo ni kubwa kuliko anavyodhani. Ipo Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Hiyo haianzi na swali la kibali. Inauliza mtu alipatikanaje na anafanyishwa kazi vipi, na utumwa wa deni umetajwa humo kwa jina lake. Nauli iliyopandishwa zaidi ya mara mbili, vitambulisho kwenye droo, mgao unaosogezwa mbele na kitisho cha simu, vikikusanywa pamoja, haviwi tena mgogoro wa mshahara. Sisemi mjomba ana hatia, hilo ni la mahakama. Nasema kwamba mtu akiuweka ukurasa mmoja tu wa daftari lako mbele ya mpelelezi anayeijua sheria hiyo, maswali yatakuwa mengine.

Mrundi 6 asingoje kikao. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa kama baharia wala kwenye kazi ya hatari, na kuvua usiku kwenye mtumbwi ni hatari hata kwa mtu mzima. Hata kama alikubali mwenyewe kuja, kukubali kwa mtoto hakumkingi aliyemleta. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hao wanaanzia kwenye usalama wa mtoto. Mjomba akikuuliza nani kasema, mwambie ni wewe. Ya wale wengine mnaweza kuyaongea na mjomba kama ndugu. Kwa mtoto hakuna cha kuongea.

Mjomba akikataa yote, acha kazi kwa barua, ubaki na nakala. Halafu tafuta mwanasheria au msaidizi wa kisheria kabla ya kugonga mlango wa ofisi yoyote. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo waliosajiliwa kufanya kazi hiyo bure, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza. Mpangilio una maana kubwa. Vijana wakiingia polisi peke yao, la kwanza litakaloulizwa ni kibali. Wakiingia na mwanasheria mwenye picha za daftari, anayetaja sheria ya 2008, wanaweza kusikilizwa kama waliotendewa. Wizara ya Mambo ya Ndani ina sekretarieti ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, mwanasheria atajua kuwafikisha. Burundi nayo ina ubalozi mdogo Kigoma, kwa wale watakaotaka kurudi kwao na karatasi zilizonyooka.

Nisikufiche na lililo gumu. Ungedhani wangeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wakafungua madai ya kawaida ya ujira. Zipo hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, zilizosema mkataba wa mgeni asiye na kibali cha kazi ni batili na hautekelezwi. Tazama mambo yalivyokaa: kibali alitakiwa akiombe mwajiri, hakukiomba, na kutokiomba kwake ndiko kunakomkinga asidaiwe. Mwanasheria anaweza kujaribu hoja nyingine, kwamba mtu asibaki na faida ya jasho la mwenzake bure. Mimi naiona ya haki, lakini siwezi kukuahidi kwamba itapita. Ndiyo maana nasisitiza kikao cha ukoo na malipo ya giza hili. Kwa watu hawa, hela iliyotoka mkononi mwa mjomba mbele ya shahidi ina thamani kuliko kesi nzuri. Na wakishalipwa, kazi ile hawatakuwa nayo tena, mjomba itabidi awarudie vijana wa Ukerewe na maneno yao mengi. Wale wa mwaka jana nao wasisahaulike kwenye hesabu. Kama mmoja wao aliacha namba ya simu ya ndugu, ifufue.

Mama anaogopa utamuuza kaka yake. Mwambie hivi: ada aliyonilipia mjomba ni deni langu mimi kwake, nitamlipa kwa heshima na kwa kumtunza akizeeka. Hawezi kujilipa kwa mgao wa watoto wa mama mwingine, na mimi siwezi kumsaidia kuukata. Mama naye kalea watoto baada ya kufiwa, atakuelewa akishamaliza kulia. Kama kuna mtu mjomba atamsikiliza kwenye kikao kile ni yeye, kwa hiyo mpe muda kabla hujapanga siku.

Halafu huo mshahara wako wa tangu Pasaka, uliouficha mwishoni kama kitu cha aibu. Wewe ni raia, mlango wa CMA uko wazi kwako, ofisi ipo hapahapa Mwanza, fomu ni CMA F1 na hailipiwi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukuangushi, kwa sababu mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi, sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha mlivyokubaliana. Akikufukuza kwa kulikataa lile daftari, una siku 30 tu tangu kuachishwa. Kwa mshahara ni siku 60 tangu mgogoro uanze. Ya Pasaka huenda imeshavuka, na hapo unaambatanisha ombi la kuongezewa muda hapohapo na fomu.

Shangazi